Supachaja kwenye NZE: nilivyoifunga mie

NZE yangu, yaani Toyota Corolla, ni ya gia za mkono, injini 1NZ-FE ya cc 1,497. Asubuhi hunipeleka Shimanzi nikatengeneze friji za makontena, jioni hunirudisha Bombolulu. Kwa kazi hiyo sina lawama nayo. Lawama huanza kwenye mlima wa Mazeras, nikiwa na watu wanne na mizigo, nimenasa nyuma ya lori na nguvu ya kulipita sina. Dawa niliyochagua ni supachaja, pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi.

Tabo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini, niliikataa mapema. Tabo hukaa kwenye eksozi, nayo boneti ya gari la Mombasa ni tanuri hata bila kuongezewa jiko. Supachaja huzungushwa na belti kama alternata, na kompresa za belti ndizo zinazonilisha.

Kabla hujatoa pesa, pima kompresheni, yaani presha ya kubana hewa, ya silinda zote nne. Zikiwa zinakaribiana, endelea. Ikiwa moja imelegea, pesa hizo zipeleke kwenye ringi za pistoni na hadithi ya supachaja uiweke kando.

Mie nilinunua Eaton M45 ya mtumba iliyotoka kwenye MINI Cooper S ya kwanza, ile ya R53. Ukiwa dukani zungusha puli kwa mkono: iende laini, isikwaruze. Chungulia mdomoni uone kama rangi ya rota imebanduka. Halafu nusa oili yake; ikinuka kuungua, beringi na meno viliteseka. Jambo moja wauzaji wengi hawakuambii: kwenye MINI, pampu ya maji huendeshwa na mkia wa supachaja hii. Kwa hiyo nyuma kuna meno yenye oili yake peke yake, na mara nyingi utakuta imekauka. Jaza upya mbele na nyuma, kisha chongesha kifuniko cha kuziba ule mkia.

Sasa hesabu ya puli, na hapa usikisie. Injini hii hunywa hewa kama cc 750 kwa kila mzunguko wa krenki, kwa kuwa silinda zote nne humaliza zamu katika mizunguko miwili. M45 husukuma kama cc 737 kwa kila mzunguko wake. Ukizizungusha sawa kwa sawa hupati chochote ila kelele. Tuseme puli ya krenki ina milimita 140 na ya supachaja 100: supachaja itazunguka mara 1.4 na kusukuma kama cc 1,030. Ukitoa hewa inayovuja kati ya rota, utapata presha ya kama psi 5. Geji yangu ya presha husimama hapo hapo, na sitaki zaidi. Mbano wa 1NZ, yaani kiasi hewa inavyokandamizwa ndani ya silinda, ni 10.5 kwa 1, nao ni mkubwa kwa injini ya kusukumiwa hewa. Toyota wenyewe walipotoa 4A-GZE yenye supachaja miaka ya 80, waliushusha hadi 8 kwa 1. Puli ndogo ya MINI usiitumie. Chongesha mpya kwa fundi wa lathe, na mifereji yake ilingane na belti ya NZE.

Braketi ndiyo iliyoniaibisha. Ya kwanza ilichomelewa kwa bamba la milimita 6. Gari likiwa limezimwa, puli zote zilinyooka ungedhani zimepigwa rula. Ukikanyaga mafuta belti huvuta, bamba likapinda kidogo tu, kiasi ambacho jicho halikioni. Siku ya tatu, hapo Makupa, saa kumi na moja jioni, belti ikaruka. Belti hiyo ndiyo inayozungusha alternata na pampu ya maji, basi taa ya betri ikawaka na mshale wa joto ukaanza kupanda. Nilizima gari katikati ya matatu, na matusi niliyoyasikia siyaandiki.

Ya pili ni alumini ya milimita 12, imeshikwa na bolti sehemu tatu kwenye injini yenyewe. Weka rula ya chuma kwenye nyuso za puli. Mwanya ukizidi milimita moja, rudi kwa fundi. Urefu wa belti nilipima kwa uzi uliozungushwa puli zote, nikaenda nao dukani.

Mpangilio wa hewa ni huu: filta, sensa ya hewa, throto, supachaja, intakula (kipoza hewa), kisha manifoldi. Intakula usiiache, hewa yetu huingia ikiwa ya moto tayari. Valvu ya bypasi irudishe hewa kati ya throto na supachaja ili gari lipumue likiwa foleni Nyali Bridge. Weka valvu ya njia moja kwenye paipu ya PCV, ile inayotoa mvuke wa oili kwenye injini, la sivyo utasukuma presha hadi kwenye oili, sili zianze kuvuja. Valvu ya njia moja ya paipu ya breki nayo hakikisha bado inafanya kazi.

Hewa ikiongezeka bila petroli, pistoni huyeyuka. Nilifunga nozo kubwa zaidi za kunyunyiza petroli na kompyuta ndogo ya kurekebisha petroli na taimini, yaani wakati wa cheche. Nikikanyaga hadi mwisho, geji ya mchanganyiko isome kati ya 11.5 na 12, yaani hewa kwa petroli moja. Taimini nilianza kwa kurudisha nyuma digrii moja kwa kila psi. Plagi ziwe za baridi kwa namba moja, mwanya milimita 0.8 badala ya 1.1. Na mwambie wakala wa bima, maana injini iliyobadilishwa kimyakimya ni kisingizio tosha cha kukunyima malipo.

Jaribio la kwanza fanya gia ya tatu, redio imezimwa, madirisha yamefungwa. Ukisikia mlio kama punje za mahindi zikitikiswa kwenye mkebe, toa mguu hapo hapo, injini inagonga. Baada ya kilomita mia fungua plagi uzisome. Zangu tatu zilikuwa na rangi ya biskuti, ya silinda ya tatu ikawa nyeupe, dalili kwamba petroli haitoshi. Nozo yake ilikuwa na uchafu. Niliisafisha mara mbili, na Mazeras sikupanda mpaka zote nne zilipofanana.