Karatasi za nyumba uliyonunua kwenye mnada wa korti zikipotea Uganda, fanya hivi

Ndugu zangu, ukinunua nyumba au ploti kwenye mnada wa korti, karatasi ndizo kila kitu. Aliyeuziwa mali yake kwa nguvu hatakuja kukutetea, na wakati mwingine taito, yaani hati ya umiliki wa ardhi, bado anayo yeye. Kwa hiyo zikipotea usikae.

Ripoti ya polisi na kiapo kwa kamishna wa viapo mnavijua. Ila kwenye kiapo taja kila karatasi kwa jina lake, makubaliano ya mauzo, risiti ya benki, cheti cha mauzo, usiandike tu "dokyumenti za nyumba".

Kabla ya korti pita ofisi ya ardhi ya kanda (MZO) ufanye serchi, yaani uangalie kwenye rejista ardhi iko kwa jina la nani, na kama taito haijaingia jina lako weka kaveati (zuio la kuhamisha ardhi) hapohapo. Wengi wanairuka hii, na ndiyo inamzuia mtu asiuze ploti wewe ukiwa bado unahangaika na mafaili.

Sasa rejista ya korti, hapa ndipo muda na nauli yangu viliishia. Nilipeleka namba ya kesi, faili ikaletwa, ndani hukumu tu, habari za mnada hakuna, naambiwa rudi wiki ijayo, nikirudi ni vilevile, mpaka mama mmoja karani akaniambia mwanangu, maombi ya kutekeleza hukumu yana namba yake mbali na ya kesi. Namba hiyo utaipata kwenye waranti (amri ya korti ya kuuza) au tangazo la mnada gazetini, na bailifu, yule dalali wa korti aliyeuza, anatakiwa awe na kopi. Mwandikie msajili wa korti barua ukiomba nakala zilizothibitishwa za waranti, ripoti aliyorudisha bailifu baada ya kuuza, na cheti cha mauzo. Lipa benki kwa PRN (namba ya malipo) ya URA, mamlaka ya mapato, mtu wa kwenye korido usimpe hata shilingi. Na usitoke pale dirishani kabla hujasoma namba ya bloku na ploti, tarakimu moja ikikosewa ofisi ya ardhi watakurudisha.

Kama kilichopotea ni taito yenyewe iliyokwisha kuwa kwa jina lako, unaomba taito maalum kwa msajili wa ardhi. Tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali, lazima upite angalau mwezi 1 kabla hujapewa, na ikitoka inafanya kazi zote za ile ya kwanza.