Soma gamba: konokono wa baharini wa kufugwa na yule wa asili

Mfuga kuku hutazama manyoya na kinyesi akajua kundi lake linaendaje. Mfuga konokono wa baharini hutazama gamba. Alichokula, siku aliyobanduliwa kwa nguvu, mnyoo aliyemvamia, vyote hubaki pale kwa mpangilio: cha zamani karibu na kilele, cha juzi ukingoni. Ukimweka wa kufugwa kando ya mwenzake wa asili, tofauti utakazoziona zitakueleza zaidi habari za matangi yako kuliko mzani utakavyokueleza.

Nitamtumia zaidi abaloni wa Afrika Kusini, Haliotis midae, ambaye wenyeji humwita perlemoen. Ni konokono bapa mwenye gamba la umbo la sikio na mstari wa matundu yanayotoa maji aliyokwisha kuyapumua. Hushikamana na mwamba kwa unyayo wake mpana. Ufugaji wake wa kibiashara ulishika kasi miaka ya 1990 katika jimbo la Western Cape, maeneo ya Hermanus na Gansbaai, na wafugaji wa huko wameshalipia makosa mengi ambayo sisi hatuna haja ya kuyarudia.

Chukua magamba mawili ya ukubwa mmoja, uyaweke mezani. Lile la asili huenda usiuone mgongo wake. Limevikwa ukoko wa waridi, ule mwani mgumu kama chokaa, na juu yake wameganda viumbe vidogo vyeupe kama wale wanaoganda chini ya mashua. Ukilipindua karibu na kilele utaona vitobo vya sponji, kiumbe wa baharini anayetoboa magamba. Ni zito mkononi. Lile la kufugwa ni safi, jepesi, na mistari ya ukuaji inahesabika kwa macho. Wa kufugwa hula kila siku na hukua haraka, basi gamba hurefuka kabla halijanenepa. Mawimbi hayampigi, wala hakuna kaa au pweza wa kumjaribu.

Nasisitiza ukubwa mmoja kwa sababu watu wengi hulinganisha visivyolingana. Wa kufugwa huuzwa akiwa na gramu 60 hadi 100, baada ya takriban miaka 4. Wa asili alikuwa haruhusiwi kuvuliwa kabla upana wa gamba lake haujafika milimita 114, na kufika hapo humchukua miaka mingi zaidi. Ukilinganisha mzee na kijana utasema gamba la wako ni bovu, kumbe ni umri tu.

Sasa rangi. Rangi ya gamba la abaloni hutoka kwenye chakula. Anayekula mwani mwekundu hutoa gamba la kahawia au jekundu. Anayelishwa chakula cha kutengenezwa kiwandani, au mwani mkubwa wa kahawia, mara nyingi hutoka na kijani au rangi iliyopauka. Wajapani waliligeuza jambo hili kuwa alama. Vifaranga wa abaloni wanaozalishwa vituoni na kuachiwa baharini huwa na kilele cha kijani kwa sababu ya chakula cha kituoni. Baharini sehemu mpya ya gamba huota na rangi ya kawaida, lakini ule ukijani wa kilele haupotei. Mvuvi akimtoa miaka kadhaa baadaye, kilele kinasema alizaliwa wapi.

Nawe unaweza kuitumia alama hiyo bila gharama. Siku unapobadilisha chakula, andika tarehe kwenye daftari la tangi. Miezi mitatu baadaye pima kwa rula kutoka mpaka wa rangi hadi ukingoni: huo ndio ukuaji wa kila mmoja tangu tarehe ile, na huhitaji kumbandika namba konokono yeyote. Ukikuta michirizi ya rangi isiyo na mpango, na daftari halina habari zake, basi kuna anayelisha chochote kilichopatikana siku hiyo. Zungumza na vijana wako.

Ukingo nao utazame. Kwa konokono anayekua vizuri ni mwembamba, mpya, karibu upenyeze mwanga. Ukingo uliomeguka, na nyuma yake mstari wa kovu, ni alama ya mkono wa mtu. Kumbuka abaloni damu yake haigandi kama yetu. Jeraha dogo la kisu kwenye unyayo linaweza kumuua siku kadhaa baadaye, wakati umeshasahau ulimshika lini. Tumia kibao bapa cha plastiki kisicho na makali. Mteleze kwa haraka kabla hajajikaza, maana akishajikaza ukamvuta utamchana. Panga kazi ya kuwachambua kwa ukubwa kwa nafasi ya miezi, usiwabandue kila wiki ili kuwatazama tu.

Tofauti ninayoiogopa kuliko zote ni gamba lililokataa kurefuka. Afrika Kusini kuna mnyoo mdogo sana, Terebrasabella heterouncinata. Hamli konokono. Hukaa ukingoni pale gamba linapoota, na konokono, katika kujilinda, humjengea gamba juu yake. Wakizidi, ukingo wote unakuwa vijishimo. Gamba linaacha kwenda mbele, linavimba kwenda juu kama kofia na kuvunjika kirahisi. Kwa konokono wa asili waliotawanyika mnyoo huyu haleti balaa. Kwenye tangi, ambako magamba yanagusana usiku na mchana, hali ni nyingine, kwa kuwa watoto wake hawaogelei: hutambaa kutoka gamba moja hadi jingine.

Alifika California miaka ya 1980 pamoja na abaloni walioagizwa kutoka Afrika Kusini, akaharibu mashamba mengi. Karibu na shamba moja huko Cayucos alitoka hadi kwa konokono wa ufukweni. Ili kumng'oa, watu waliokota konokono weusi wa miambani wapatao milioni 1.6, wakawaondoa, hadi mnyoo akakosa pa kuishi. Hebu fikiria kazi hiyo, mkono kwa mkono, kwa sababu ya mnyoo ambaye kwa macho matupu unamwona kwa shida.

Kwa hiyo usipokee vifaranga bila kukagua kingo zao kwa kioo cha kukuzia. Kundi geni likae peke yake, na maji yake yasipite kwenye matangi mengine. Wapunguze msongamano. Mwenye gamba la kofia mtoe, usimrudishe kwa huruma.

Kuna wanaoniuliza kama wanaweza kuzalisha vifaranga na kuwaachia baharini ili kurudisha kilichoisha. Hapo natoa mfano wa konokono mkubwa wa Karibi, yule wa malkia. Huko Bahamas vifaranga wa kituoni walipoachiwa pamoja na wa asili, wale wa kituoni walikuwa na miiba mifupi kwenye gamba, hawakujifukia mchangani mara nyingi kama wenzao, na waliliwa zaidi. Baadaye Florida walijaribu jambo zuri: vifaranga walikuzwa karibu na kamba koche, adui yao. Walirefuka polepole, lakini magamba yao yakawa mazito. Woga uliwafundisha kujijenga. Kama nia yako ni soko, gamba jepesi si kasoro. Kama nia yako ni bahari, konokono aliyelelewa kwa raha tupu ni chakula cha kaa, na tena anaweza kubeba mnyoo. Usimwachie bila idhini na uangalizi wa wataalamu wa uvuvi.

Usafi wa gamba pekee usiutumie kama ushahidi kwa mnunuzi kwamba mzigo ni wa kufugwa. Ujangili wa abaloni umekuwa mkubwa kiasi kwamba Afrika Kusini ilifunga uvuvi wake wa kibiashara mwaka 2008, kisha ikaufungua tena 2010 kwa masharti. Hati za tangi, tarehe na uzito ziende pamoja na mzigo.

Na magamba ya waliokufa? Usiyatupe ufukweni, hata kama yanaonekana matupu. Yaanike juani nchi kavu, mbali na maji yanapofika bamvua, hadi yakauke kabisa. Kila mwezi toa machache uyatunge kwenye kamba kwa mfuatano wa tarehe, uitundike ukutani karibu na matangi, mahali ambapo kila anayelisha atayaona.