SOMO: Mashindano yako ya kwanza ya chesi ya wikiendi, hatua kwa hatua

Wakuu habari zenu. Kuna watu wengi wanacheza sataranji kwenye simu kila siku na wako vizuri kabisa, ila wakienda mashindano ya ukumbini wanatoka na pointi 1 kati ya 5 alafu wanasema basi, mimi chesi siijui. Si kweli. Nimecheza haya mashindano ya Jumamosi na Jumapili kwa miaka kadhaa sasa na ninachokiona kila mara ni kwamba watu hawafungwi kwa kutojua ufunguzi (mpangilio wa hatua za mwanzo wa mchezo), wanaishiwa nguvu. Michezo 5 kwa siku 2 ni mingi kuliko inavyosikika. Kwa hiyo somo lote hili lina lengo moja tu, ufike raundi ya 5 kichwa kikiwa bado kinafanya kazi.

Hatua ya 1: Soma tangazo mpaka mwisho
Usiangalie zawadi kwanza, angalia muda wa mchezo. Ukikuta dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kila hatua, piga hesabu: mchezo ukifika hatua 60 kila mmoja anakuwa na jumla ya masaa 2, yani mchezo mmoja unaweza kula masaa 4. Ikipangwa michezo 3 Jumamosi hapo ndo ujue unaenda kwenye kazi ya siku nzima. Angalia pia ukichelewa wanakusubiri dakika ngapi, sababu sehemu nyingine hawasubiri kabisa, na uliza kama unaruhusiwa kuomba bai ya nusu pointi, yani raundi usiyocheza ila unapewa nusu pointi, wengi wanataka uombe mapema.

Hatua ya 2: Wiki ya mwisho usijifunze ufunguzi mpya
Hapa naomba mnisikilize. Ufunguzi uliousoma Alhamisi utakusaliti Jumamosi, nenda na ule uliouzoea hata kama ni wa kawaida. Wiki hiyo cheza kwenye ubao halisi wenye kete za kushika, maana jicho lililozoea kioo cha simu linachelewa kuona askofu aliyekaa kona ya mbali. Na fanya mazoezi ya kuandika hatua zako, usiende kujifunzia pale pale saa inakimbia.

Hatua ya 3: Elewa unavyopangiwa mpinzani
Karibu yote haya yanatumia mfumo wa Kiswisi, ulianzia kwenye mashindano ya Zürich mwaka 1895. Hatolewi mtu, unacheza raundi zote, na kila raundi unakutana na mwenye pointi kama zako au zinazokaribiana, na hurudii mpinzani uliyeshacheza naye. Raundi ya kwanza wanapanga majina kwa reitingi (namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji) alafu nusu ya juu inakutana na nusu ya chini, kwa hiyo mkiwa watu 40 namba 1 anacheza na namba 21. Ukiwa mgeni jiandae kukutana na mtu mkali mapema, ukifungwa usivunjike moyo, mfumo wenyewe unakushusha mpaka kwa saizi yako.

Hatua ya 4: Ukishakaa mezani
Simu izime kabisa na umuulize mwamuzi uiweke wapi, chini ya sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ukigundulika nayo bila ruhusa unaweza kupoteza mchezo bila hata kete kusogea. Hakikisha kona ya kulia kwako ni nyeupe. Kingine ni gusa-cheza, kete uliyoishika kwa kukusudia lazima uichezeshe kama ina hatua halali. Ukitaka kuinyoosha tu, iwe zamu yako na useme unainyoosha kabla ya kugusa. Unapomhamisha mfalme na ngome kwa pamoja anza na mfalme, tena kwa mkono mmoja, ukianza na ngome utalazimishwa kusogeza ngome peke yake. Saa unaibonyeza kwa mkono ule ule uliochezea. Hatua isiyo halali ya kwanza mpinzani anaongezewa dakika 2, ya pili umefungwa.

Hatua ya 5: Tumia muda wako
Hili liliniumiza mimi mwenyewe. Raundi ya 5, Jumapili jioni, nina ngome na askari mmoja, mpinzani ana ngome tu. Askari wangu yuko hatua moja kabla ya kuwa malkia na mfalme wangu amesimama mbele yake. Huu ni ushindi unaojulikana kila mahali: unapandisha ngome mpaka mstari wa 4, inakuwa daraja, mfalme anatoka na shah zote (mashambulizi kwa mfalme) zinazibwa. Naujua kabisa. Ila nilikuwa hoi, nikamtoa mfalme kwanza, akaanza kunipiga shah, narudi, anapiga, naenda, anapiga, mpaka hali ikajirudia mara 3 akadai droo na mwamuzi akakubali. Naangalia saa yangu, zimebaki dakika 34. Dakika 34! Sikuhitaji hata 2. Tangu siku hiyo kila nikifika mwisho wa mchezo nakalia mikono yangu kwanza, ndo natafuta hatua.

Hatua ya 6: Kati ya raundi
Ukimaliza weka sahihi kwenye karatasi zote mbili za hatua, yako na ya mpinzani, hakikisha matokeo yameandikwa sawa, alafu toka nje. Kuchambua na mpinzani dakika 10 inatosha. Wale wanaokaa koridoni wanacheza michezo ya dakika 3 mpaka raundi inayofuata inaanza, hao ndo nawakuta jioni wanaacha malkia wazi. Tembea, kunywa maji, kula kitu chepesi, na kama umefungwa usifungue injini (programu ya kuchambua chesi) kwenye simu kuangalia ulikosea wapi, hiyo kazi ya Jumatatu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mimi sina reitingi yoyote, naruhusiwa kweli?
Jibu: Kwenye kundi la wazi kwa kawaida unaruhusiwa, ndo mahali pa kuipatia. Kama mashindano yanahesabiwa na FIDE unahitaji michezo 5 dhidi ya watu wenye reitingi, si lazima iwe wikiendi moja. Na tangu 2024 reitingi yao inaanzia 1400, hivyo usishangae ukicheza mara mbili na jina bado halipo kwenye orodha.

Swali: Mpinzani alinipiga shah hakusema kitu, nikacheza kete nyingine, nikaadhibiwa. Ni haki hii?
Jibu: Pole sana ndugu yangu, ila ni haki. Hakuna sheria inayomlazimisha kusema, mfalme wako unamlinda mwenyewe.

Swali: Kuna mtu aliniomba droo karibu kila hatua, nikachanganyikiwa. Nifanyeje?
Jibu: Utaratibu ni anacheza hatua yake, anaomba, ndo anabonyeza saa. Wewe ukikataa kwa mdomo au ukicheza hatua yako limeisha. Akirudia rudia huko ni kukusumbua, simamisha saa umuite mwamuzi, usibishane naye wewe.

Swali: Askari wangu alifika mwisho na malkia wa ziada hakuwepo mezani, nikageuza ngome juu chini.
Jibu: Hiyo inahesabiwa ngome. Wakati mwingine simamisha saa kwanza, muite mwamuzi akuletee malkia.

Swali: Habari mwalimu, mwanangu ana miaka 9 anaanza wiki ijayo, mimi mama yake nikae wapi?
Jibu: Karibu sana dada. Kaa mahali ambapo hakuoni usoni, watoto wanasoma uso wa mzazi kuliko ubao. Ukiona kosa lolote usimwambie yeye wala mpinzani wake, mwambie mwamuzi tu. Mfundishe kitu kimoja kabla hamjaondoka nyumbani: kunyoosha mkono na kusema "naomba mwamuzi". Watoto wengi wanapoteza pointi kwa sababu waliogopa kuita mtu mzima.

Swali: Nikifungwa michezo 2 ya kwanza nijitoe tu nikapumzike?
Jibu: Ukijitoa mwambie mwamuzi kabla raundi haijapangwa, vinginevyo kuna mtu atakaa peke yake akiangalia kiti chako. Ila mimi ningebaki. Raundi ya 3 utapangiwa mwenye sifuri kama wewe, na huyo naye amechoka hivyo hivyo.