Kufundisha Kiingereza Thailand kwa pasipoti ya Afrika Mashariki

Korea Kusini hutoa viza yake ya walimu wa lugha, E-2, kimsingi kwa raia wa nchi saba, na kwa Afrika nzima ni Afrika Kusini peke yake. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda asipoteze muda huko. Thailand ni habari nyingine: inampokea kihalali hata mwalimu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, mradi karatasi zake zimenyooka. Wengi wanaokwama hawashindwi na darasa. Hukwamishwa na karatasi zilizofuatanishwa kombo.

Kabla ya tiketi

Shahada ya kwanza ni lazima, ya somo lolote. Stashahada haitoshi, kwa sababu Khurusapha, baraza la walimu la Thailand, hudai shahada kabla ya kumpa mgeni ruhusa ya muda ya kufundisha. Ambatanisha na taarifa ya matokeo ya chuo. Kisha fanya TOEIC, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na upate angalau alama 600 kati ya 990. Utaombwa matokeo hayo hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na huhesabika kwa miaka 2 tu, kwa hiyo usiufanye mapema mno.

Cheti cha polisi cha mwenendo mwema huchukua muda. Kenya huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na kadi yake ya njano ikae pamoja na pasipoti.

Sasa kagua majina. Shahada inasoma majina mawili, pasipoti matatu, cheti cha kuzaliwa kina herufi tofauti: kwa karani wa uhamiaji wa Thailand hao ni watu watatu. Rekebisha kwa hati ya kiapo au ya kubadili jina ukiwa bado nyumbani. Ndipo upeleke shahada na cheti cha polisi wizara ya mambo ya nje vigongwe muhuri, halafu ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi, unaohudumia pia Tanzania na Uganda.

Cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wasiokuwa wazungumzaji wake, cha saa 120 husaidia kupata usaili, lakini si sharti la sheria. Usikikopee pesa.

Kutafuta shule

Muhula wa kwanza hufunguliwa katikati ya Mei, wa pili mwanzoni mwa Novemba. Nafasi hutangazwa kwa wingi kuanzia Februari hadi Aprili, kisha Septemba na Oktoba. Tovuti ya Ajarn.com ndiyo soko kuu la kazi hizi. Matangazo yanayotaka wazawa wa lugha pekee, yaani waliokua na Kiingereza kama lugha ya kwanza, yapite bila kubishana nayo. Mengine hutaka picha, na ndiyo, rangi ya ngozi huwaponza waombaji. Video ya dakika mbili ukifundisha kitu kimoja, kwa sauti safi, huwafikia watu ambao wasingesoma barua yako.

Mshahara wa mwalimu asiye mzawa wa lugha mara nyingi huwa kati ya baht (sarafu ya Thailand) 20,000 na 30,000 kwa mwezi. Kabla ya kutia sahihi uliza: mkataba unalipa miezi 12 au 10? Mawakala wengi hawalipi likizo. Vipindi ni vingapi kwa wiki? Zaidi ya 25 utachoka vibaya. Nani analipia kibali cha kazi?

Hapa pana hatari ambayo si ya kupuuza. Tangu 2022 Wakenya na Waganda wamekuwa wakiahidiwa kazi nzuri Thailand, ukiwamo ualimu, kisha wanavushwa mpaka kwenda Myanmar kufanyishwa utapeli wa mtandaoni kwa nguvu. Dalili zake: tiketi ya bure kwa viza ya utalii, usaili unaopima kasi ya kuchapa, hakuna anayetaka kuona shahada. Na gari likikutoa Bangkok kuelekea Mae Sot, mji wa mpakani mkoani Tak, wakati shule uliyoambiwa iko kwingine, shuka penye watu na uite polisi.

Viza na kibali

Shule hukutumia mkataba, barua ya mwaliko na nyaraka zake za usajili. Kwa hizo unaomba viza ya kazi, Non-Immigrant B, mtandaoni, mfumo ambao balozi zote za Thailand zinautumia tangu Januari 2025. Viza hiyo inakupa siku 90, na ndani yake shule iombe kibali cha kazi, kisha uhamiaji wakuongezee ukaazi hadi mwaka mmoja kwa baht 1,900.

Baadaye kuna kuripoti anwani kila siku 90. Ukitaka kutoka nchini, hata wikiendi moja, nunua kwanza kibali cha kurudi cha baht 1,000. Bila hicho ukaazi wako unakufa pale pale mpakani. Kuzidisha muda hutozwa baht 500 kwa siku, ukomo 20,000.

Chumba mikoani hupatikana kwa baht 3,000 hadi 6,000, ila mwenye nyumba hutaka amana ya miezi miwili juu ya kodi ya kwanza. Njoo na akiba ya miezi miwili kamili, maana mshahara wa kwanza hupenda kuchelewa.

Darasani

Utakuta wanafunzi 40 au 50, kipindi cha dakika 50. Mthai hukata mwisho wa neno: kwake "like", "light" na "life" zaweza zote kusikika "lai". Akikuta konsonanti mbili mwanzoni huingiza irabu, "stop" ikawa "satop". Sisi kosa letu ni kuongeza irabu mwishoni, kwa hiyo jichunge: ukitamka "booku" watakuiga wote. Andika ubaoni jozi tatu za maneno yanayokaribiana kwa sauti, tamka neno moja la jozi, nao wanyooshe kidole kimoja au viwili kuonyesha ni la kwanza au la pili. Dakika kumi kila kipindi zinatosha. Vitenzi vya Kithai havibadiliki kwa wakati, basi "-ed" itadondoka mwaka mzima. Isahihishe kwenye maandishi, usimkatize mtoto anayezungumza.

Usimguse mwanafunzi kichwani, vua viatu wenzako wanapovua, simama wimbo wa taifa ukipigwa saa mbili asubuhi. Habari za ufalme usizizungumze kabisa, hata mtandaoni: kifungu cha 112 cha sheria ya jinai, kinachokataza kuukashifu ufalme, kina kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa.

Ukiacha kazi, ukaazi huisha siku ile ile ajira inapoisha. Kwa hiyo usitoe notisi kabla shule mpya haijakupa mkataba, na wa zamani wakuandikie barua ya kuacha kazi yenye tarehe sahihi. Uhamiaji watahesabu kutoka tarehe hiyo.