Paipu ya chini ya ziwa: venye ya kuizuia isijing'oe yenyewe

Wadau wa pampu huku Kisumu, hii ni ya wale wanavusha maji na paipu imelala chini ya ziwa. Watu huogopa mawimbi na magugu maji, kumbe chenye kinang'oa jointi kiko ndani ya paipu.

Hatua 1: piga hesabu ya kona. Tuseme paipu ya milimita 110, presha baa 6, kona ya digrii 90. Presha mara ukubwa wa mdomo wa paipu mara 1.4, unapata nguvu ya kama kilo 800 ikisukuma kona kwenda nje, mchana na usiku bila kuchoka. Sasa mbio ya maji yenyewe, hata yakienda mita 1.5 kwa sekunde, inaongeza kilo 2 hivi tu. Mara ya kwanza nilidhani kalkuleta imeharibika.

Hatua 2: usitumie elbo (kile kipande cha kona kali). Paipu nyeusi ya plastiki ya HDPE inapinda, ilaze na mzingo mpana, nusu kipenyo kisipungue mita 3.5 kwa saizi hiyo. Nguvu haiishi lakini inagawanyika mita nyingi.

Hatua 3: jointi zote chomelea kwa joto, plastiki iyeyuke ishikane. Zile za kusukuma na mpira zinaziba maji sawa lakini hazishiki paipu ikivutwa, na hii plastiki ikijaa presha inafura kidogo na kufupika, so inajivuta yenyewe kutoka kwa jointi. Mimi niliweka moja juu mteja alikuwa na haraka, siku ya tatu maji yakaanza kuchemka hapo karibu na ufuo, wavuvi wakatoroka wakisema ni kiboko.

Hatua 4: uzito. HDPE inaelea hata ikijaa maji, na hewa ikiingia kila mita inataka kupaa na nguvu ya kilo 7 hivi. Bloku ya simiti ya kilo 100 ikiwa ndani ya maji inabaki na kilo 58 tu, so inashika mita 8, usiniambie utaweka moja kila mita 20. Katikati ya bloku na paipu weka mpira isikwaruzwe.

Hatua 5: valvu funga pole pole, sekunde 20 ama zaidi kwa laini ya mita 300. Ukiifunga kwa pigo moja maji yanagonga, baa 4 zinaongezeka juu ya zile 6 (kwa paipu ya chuma zinapita 15!) na kona yako ya kilo 800 sasa ni ya 1300. Stima ikipotea ghafla maji pia yanagonga, kwa hivyo karibu na pampu weka tanki ya hewa.

Mwisho, kabla ya kuwasha, piga alama ya rangi kwa paipu pale inaingia kwa bloku ya simiti inayoshika mzingo. Pandisha presha baa moja moja, mpiga mbizi acheki baada ya kila moja. Rangi ikisonga hata kidole kimoja, zima.