Somo: Namna ya kupata hati ya kimila ya shamba la kijijini (Tanzania)

Wakuu, salaam. Somo hili ni kwa mwenye shamba kwenye ardhi ya kijiji. Hati ya kimila ndiyo karatasi rasmi ya kuonyesha kwamba shamba hilo ni lako. Viwanja vya mjini vina utaratibu wake.

1. Anzia ofisi ya kijiji. Muulize mtendaji kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji (cha eneo la kijiji kizima, siyo la shamba lako) na mpango wa matumizi ya ardhi. Kama hakuna, pelekeni hoja mkutano mkuu wa kijiji. Ukihangaika peke yako utazungushwa tu.

2. Jaza fomu ya maombi, ikabidhi kwa halmashauri ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inawapa siku 90 kukujibu. Baki na nakala yenye muhuri na tarehe, la sivyo utazihesabu kuanzia lini?

3. Uhakiki wa mipaka. Hapa ndipo shamba linapopatikana au kupotea. Kamati ya uhakiki ya kijiji inakuja na mpimaji, mnatembea kona hadi kona, na kila jirani anakiri mbele ya watu kwamba mpaka ni huo. Usimtume kijana. Nenda mwenyewe, na mwenzi wako awepo. Kabla ya siku hiyo pitia mpaka na majirani, fyekeni, otesheni minyaa au katani kwenye kona. Jirani aliye mjini apigiwe simu mapema, asije akaibuka msimu wa kulima na maneno yake. Kona ikiwa na ugomvi, msilazimishe kupima. Ipelekeni Baraza la Ardhi la Kijiji (wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu), na mkipatana iandikwe.

Mpimaji asiondoke hujasoma jina lako alivyoliandika. Lifanane na la kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi.

4. Mwenyekiti na mtendaji wanasaini, nawe unasaini, afisa ardhi wa wilaya anasajili. Nakala moja inabaki masjala ya kijiji.

MASWALI

Mama Shamba: Mimi ndiye nalima, ila mume anataka jina lake tu.
Jibu: Dada, sema siku ya uhakiki, mbele ya kamati. Sheria inakupa haki ya ardhi sawa na mwanaume, na hati moja inabeba majina yenu wote wawili. Ukinyamaza siku ile, kurekebisha baadaye ni mlolongo.

Kijana wa Kilolo: Shamba ni la marehemu baba, tupo ndugu watano.
Jibu: Mirathi kwanza. Kikao cha ukoo kinapendekeza msimamizi, mahakama ndiyo inamteua. Akishapatikana, amueni kugawana au kumiliki pamoja.

Mgeni: Nikishaipata naweza kumuuzia mtu wa Dar?
Jibu: Kwa idhini ya halmashauri ya kijiji, siyo kwa kunong'onezana na mtendaji. Bila idhini hiyo mnunuzi wako amenunua kesi.