Kagua shina la ukucha kabla ya ncha

Kila Jumapili baada ya kuoga, namkalisha mwanangu karibu na taa nikamkagua kucha zote 20. Alikuwa na miaka 7, katikati ya matibabu ya saratani ya damu, nilipoona weupe kwenye kidole gumba cha mguu. Nikasema ni kiatu kinambana. Wapi! Ilikuwa fangasi ya ukucha.

Anza kutazama shinani. Fangasi ya kawaida huingilia nchani: ukucha unakuwa wa njano, mnene, unamegekameka. Lakini kinga ikishuka, iwe kwa VVU, dawa za saratani au dawa za kulinda kiungo kilichopandikizwa, weupe unaweza kuanzia pale ukucha unapochipukia. Ukiuona hapo, mpeleke mtoto kliniki.

Usipake chochote kabla ya kipimo. Hapo nilikosea. Nilipaka krimu wiki mbili, sampuli ikarudi haina kitu, tukaanza upya. Maabara hukata kipande, hukwangua unga wa chini ya ukucha na kuutazama kwa darubini. Kuuotesha ili fangasi ijitokeze huweza kuchukua hata wiki 4. Vumilia, maana pigo au soriasisi, ugonjwa wa ngozi, navyo huharibu kucha vilevile.

Vidonge mwachie daktari. Terbinafini, dawa ya fangasi, hukadiriwa kwa uzito wa mtoto, kwa kawaida wiki 6 kwa kucha za mikono na 12 kwa za miguu, na ini hupimwa. Itrakonazoli, dawa nyingine ya fangasi, ikikutana na vinkristini, dawa ya saratani ambayo mwanangu alikuwa akichomwa, inaweza kudhuru neva vibaya. Ndiyo maana daftari la dawa zake zote halitoki mkobani mwangu.

Nyumbani: kikata kucha chake peke yake, kata kwa mstari ulionyooka bila kuchimba pembeni, kausha katikati ya vidole. Kisha tazama miguu yako, maana fangasi huambukizana. Yangu ilikuwa ikiwasha na kubanduka miezi mingi, nami nimeizoea tu.

Ngozi ya pembeni ikivimba, ikitoa usaha au ikigeuka nyeusi, au homa ikifika 38, nenda saa hiyohiyo, hata usiku. Fangasi kama Fusarium huweza kupenya kutoka kidoleni hadi kwenye damu chembe nyeupe zikiwa chache.

Ukucha wa mguu hukua kama milimita 1 hadi 1.5 kwa mwezi, kwa hiyo dawa huisha ukucha ukiwa bado mbaya. Nilikuwa naupiga picha kila mwezi kando ya rula. Kile kipande cheupe cha mwisho kilipofika nchani, mwaka na ushei umepita, akadai akikate mwenyewe.